Viazi vya Wainka Milimani Makete

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi juzi tu ambayo matope yake hayajakauka kwenye viatu vya waliokuwapo, palikuwa na msichana aliyeitwa Sekela Mbwilo. Alisoma kidato cha tatu katika shule ya bweni iliyo juu kabisa ya milima ya Makete, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kubisha hodi na wanafunzi huandika wamevaa soksi mikononi. Nyinyi mlioketi hapa, tegeni masikio. Mwishoni nitawauliza neno, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Sekela hakuwa na mtu. Sitii chumvi. Mama yake alifariki yeye angali ananyonya. Bibi aliyemlea alifariki mwezi wa pili wa mwaka huu ninaousimulia. Baba alikuwa Chunya akichimba dhahabu, na kila Sekela alipoazima simu ya mwalimu kumpigia, simu ile ilitoa jibu lilelile, kwa sauti ileile ya mwanamke mpole: haipatikani. Mwishowe Sekela akaacha kuazima.

Basi siku moja Mwalimu Msemwa, mwalimu wa historia, alisimama mbele ya darasa akasema, "Kila mmoja achague mahali pa kale, mahali walipoishi watu wa zamani, afanye utafiti wake. Mwezi wa nane atakuja mgeni kutoka jumba la makumbusho kuzitazama kazi zenu. Fanyeni wawili wawili."

Wawili wakachagua Kilwa. Wawili wakachagua Engaruka. Wawili wakachagua Isimila. Darasa lilikuwa na wanafunzi thelathini na tisa, na nadhani hesabu hiyo mnaiweza.

"Na wewe Sekela, umebaki peke yako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Umechagua wapi?"

"Ollantaytambo, mwalimu."

"Wapi?"

"Ollantaytambo. Ni mji wa Wainka, watu wa kale wa milimani, mwalimu. Uko Peru."

Darasa likacheka. Nyuma yake aliketi Ikupa Mwakalobo. Walipokuwa kidato cha kwanza, Sekela na Ikupa walilala kitanda kimoja cha chuma, mmoja juu na mmoja chini, na baridi ilipozidi walilala pamoja chini na kuunganisha mablanketi. Kisha Ikupa akapata marafiki wengine, wale wa kucheka kwa sauti, na urafiki ule ukafa bila ugomvi, kama moto usiotiwa kuni. Siku hiyo Ikupa akapaza sauti: "Mwalimu, na nauli ya kwenda Peru atatoa nani?"

Darasa likacheka tena, safari hii mpaka madawati yakatetemeka. Kuanzia siku hiyo Sekela hakuitwa tena Sekela. Aliitwa Mama Peru.

Kwa nini alichagua mahali pale? Nitawaambia. Maktaba ya shule ilikuwa na kitabu kinene kisicho na jalada, na ndani yake picha moja ya mlima uliokatwa ngazi ngazi za kulimia. Juu ya mashamba hayo, ubavuni pa jabali, palikuwa na nyumba za mawe zenye madirisha, zimeng'ang'ania mwamba kama viota. Kitabu kilisema hizo zilikuwa ghala. Wainka walizijenga juu kwenye upepo na baridi ili upepo na baridi vilinde chakula chao. Na chakula chenyewe, pamoja na mahindi, kilikuwa viazi. Viazi hivi hivi. Kitabu kilisema viazi vya dunia nzima asili yake ni milima ile.

Sekela aliitazama picha, kisha akatazama nje dirishani. Mlima ni uleule. Ukungu ni uleule. Viazi ni vilevile. Akajisikia kama mtu aliyepotea stendi ya ugenini, akasikia ghafla nyuma yake mtu anaongea lugha ya kwao.

Kitabu kilisema pia kwamba mawe makubwa ya mji ule yalikokotwa kutoka ng'ambo ya bonde, kuvuka mto, na kwamba mengine hayakufika. Yako njiani hadi leo, na watu wa huko huyaita mawe yaliyochoka. Sentensi hiyo Sekela aliinakili mara mbili kwenye daftari lake, ya pili bila sababu.

Mwezi wa sita shule ikafungwa. Mabasi yakaja, masanduku yakapandishwa, nyimbo zikaimbwa, watu wakaondoka. Vumbi lilipotulia, walibaki watatu.

Wa kwanza alibaki Sekela, kwa sababu hakuwa na pa kwenda.

Wa pili alibaki Ikupa. Baba yake na mama yake waliachana Pasaka. Baba alidhani binti atakwenda kwa mama, mama alidhani binti atakwenda kwa baba, na hakuna aliyetuma nauli. Ikupa alikaa juu ya sanduku lake getini tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kisha akaliburuta sanduku kurudi bwenini, akachagua kitanda cha mwisho kabisa, mbali na cha Sekela, akageukia ukutani.

Wa tatu alibaki Mama Kyando, mpishi. Mumewe alikufa siku nyingi. Mwanawe mmoja tu, Fikiri, alikwenda Dar es Salaam, na mwaka wa nne ulikuwa unakwisha bila barua wala salamu. Mama Kyando aliyaosha masufuria makubwa ya shule, akayafunika kifudifudi, akashusha kisufuria kidogo cha kupikia watu watatu. "Hiki nacho," alisema, "kinanikumbusha nyumba."

Walikula watatu katika bwalo la watu mia tatu. Sekela meza hii, Ikupa meza ile, Mama Kyando mlangoni mwa jiko. Kijiko kikigonga sahani, ukuta ulijibu.

Siku ya nne, Sekela alikuta katika kitabu jambo alilokuwa hajalisoma vizuri. Wainka hawakuweka viazi vibichi ghalani. Waliviacha nje usiku vigandishwe na baridi, asubuhi jua likivilegeza wakavikanyaga kwa miguu mitupu mpaka maji yatoke, kisha wakavianika. Wakarudia siku baada ya siku. Mwisho viazi vilikuwa vikavu na vyepesi, na viliweza kukaa miaka bila kuoza. Viliitwa chunyo. Sekela akalisema neno hilo kwa sauti, chunyo, likamkumbusha Chunya, akacheka peke yake maktabani, kisha akaacha kucheka.

Akaenda jikoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njaa?"

"Hapana, mama. Naomba viazi."

"Vya kula?"

"Vya kugandisha."

Mama Kyando akamtazama kama mtu anayetazama mtoto mwenye homa. Lakini akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa kopo moja la sadolini la viazi vilivyobaki ghalani mwa shule. Sekela akavitandaza mgongoni mwa kilima nyuma ya bweni, juu kwenye upepo, kama zile ghala za picha. Siku tatu akasubiri, usiku baridi ikivigusa bila kuvigandisha, mchana jua likivipika. Siku ya nne vilikuwa vinanuka. Vimeoza vyote.

Alikaa karibu navyo, daftari magotini, hakulia. Mama Kyando akapanda kilima kumfuata, akachutama kando yake.

"Umeviweka pabaya," alisema.

"Kitabu kinasema juu, mama."

"Juu ni pa kuhifadhia. Wewe unataka kugandisha. Mimi nimelima milima hii tangu sijaolewa, nimeona viazi vyangu vikiungua kwa sakitu, umande ulioganda, mwaka baada ya mwaka. Baridi ni kama maji, mwanangu. Haikai mgongoni mwa kilima. Huteremka ikalala bondeni. Kavitandaze kule chini kwenye nyasi fupi, karibu na kijito. Mwezi huu, alfajiri, pale huwa peupe kama chumvi."

"Sina viazi vingine, mama. Ghala limekwisha."

Kesho yake Mama Kyando alikuja amejitwika madebe mawili. Vilikuwa viazi vidogo, vizuri, vimechaguliwa kimoja kimoja, vingine tayari vimeanza kutoa macho. Mtu yeyote wa Makete akivitazama anajua ni nini.

"Mama, hizi si mbegu zako?"

"Ni mbegu."

"Utapanda nini mvua zikija?"

"Utatandaza au utaniuliza? Tandaza."

Wakavitandaza kwenye nyasi kando ya kijito. Alfajiri sakitu ilianguka, bonde lote likawa jeupe, na viazi vikawa vigumu kama mawe. Jua lilipochomoza vikalegea. Sekela akavua viatu, akavua soksi, akaingia. Mnajua baridi ya Makete mwezi wa sita? Alikanyaga akiuma meno. Maji yakatoka, maganda yakabanduka. Siku ya kwanza akakanyaga. Siku ya pili akakanyaga, kifua kikaanza kumbana. Siku ya tatu akakanyaga huku akikohoa, akatoka kwenye nyasi, akapiga hatua sita, akaanguka.

Mama Kyando alimpeleka hospitali kwa bodaboda, amemkumbatia katikati yake na dereva. Homa ya mapafu, walisema. Kifua kimejaa. Alale.

Akalala siku kumi na moja. Kitanda cha kulia kililetewa uji kwa chupa ya chai kila asubuhi. Kitanda cha kushoto kilikuwa na dada, shangazi na mtoto aliyepanda juu ya mto. Saa za kutazama wagonjwa, Sekela alijifunza kufumba macho ajifanye amelala, ili wageni wa watu wasimwonee huruma. Jumapili tu ndipo Mama Kyando alipofika na makande ya moto.

"Viazi vyangu, mama?"

"Pona kwanza."

Jibu hilo Sekela alilielewa. Akageuka ukutani. Mbegu za watu zimeoza, alisema moyoni. Nimemlia mama wa watu msimu mzima, na kazi yenyewe haipo.

Aliporudi shuleni, hakwenda bwenini kwanza. Alishuka bondeni kwa fimbo, polepole, ili akazike alichokiharibu. Akakuta nyasi tupu. Akapanda mpaka jikoni. Huko, juu ya mkeka kwenye jua, akakuta viazi. Vidogo, vyeusi, vimenywea kama ngozi ya mzee. Akaokota kimoja. Kilikuwa chepesi kama gamba la mti. Akakigonga mezani, kikalia ko.

"Mama, wewe ndiye uliyevikanyaga?"

"Kwa magoti haya?" Mama Kyando akaonyesha kwa kidevu kuelekea bwenini. "Kamwulize mwenzako. Siku ile ile niliyokupeleka hospitali, nimerudi nimemkuta bondeni amepandisha sketi. Siku tisa. Sikumtuma. Nilimletea maji ya moto ya kuchovya miguu, basi, na viazi jioni nikamsaidia kuvitandaza."

Ikupa alikuwa kitandani, kitanda kile cha mwisho, miguu imefungwa vitambaa. Nyayo zilikuwa zimepasuka, na ukucha mmoja wa kidole kikubwa umetoka. Sekela akasimama mbele yake. Hawakuwa wamezungumza kwa mwaka na nusu.

"Kwa nini, Ikupa?"

"Sikuwa na kazi."

"Ikupa."

Ikupa akautazama ukuta. "Ulipoondoka, bweni lote lilibaki na mimi. Vitanda themanini na mimi. Nikashuka bondeni kuangalia tu. Nikakanyaga kimoja, kikatoa maji, chwa. Nikakanyaga kingine, chwa. Nikasikia kama kuna mtu. Basi nikaendelea." Akakaza kitambaa cha mguu. "Na kuhusu ile nauli ya Peru, nilichekesha watu tu. Usinijibu."

Sekela alivuta kitanda chake, chuma kikilia sakafuni bweni zima, akakisogeza karibu na cha Ikupa. Likizo ilibaki siku nane. Siku hizo nane walikula meza moja, watatu, pale mlangoni mwa jiko.

Lakini shule ikafunguliwa. Mia tatu wakarudi na kelele zao. Ikupa akarudi kwa marafiki zake wa kucheka kwa sauti, si kwa ubaya, ni mkondo tu ulimchukua. Mama Kyando akayafunua masufuria makubwa. Sekela akarudi maktabani, akaandika. Aliandika kurasa arobaini na moja, akachora mji wa Ollantaytambo, akachora ghala na bonde na ngazi, akaeleza kwa nini baridi hulala chini na chakula hukaa juu. Kwenye jalada akaandika: Utafiti wa Sekela Mbwilo. Akautazama mstari ule kwa muda. Palikuwa na nafasi chini yake. Hakuongeza kitu.

Mwezi wa nane mgeni akaja. Jina lake Bi. Mshangama, mwanamke mrefu mwenye miwani, mtu wa jumba moja la makumbusho la Dar es Salaam. Bwalo lilijaa. Watu wa Kilwa wakasema, wakapigiwa makofi. Watu wa Engaruka wakasema, wakapigiwa makofi. Watu wa Isimila wakasema. Akaitwa Mama Peru.

Sekela akasema kwa sauti ndogo, akionyesha michoro. Kisha mlango wa jiko ukafunguliwa, Mama Kyando akaingia na sufuria ya viazi vilivyolowekwa tangu jana na kupikwa na maharage. Bi. Mshangama akachukua kimoja, akatafuna polepole.

"Kina ladha ya udongo," alisema. "Na ya kitu kilichosafiri mbali." Akatafuna kingine. "Miaka ishirini na mbili naoneshwa michoro ya wanafunzi. Leo nimekula. Binti, kazi hii umeifanya na nani?"

"Peke yangu," akasema Sekela.

Msimhukumu haraka. Neno lile hakulipanga. Alikuwa amelisema maisha yake yote. Umekuja na nani? Peke yangu. Unabaki na nani? Peke yangu. Lilikuwa limekaa mlangoni mwa mdomo, likatoka. Lakini pia msimwachie haraka, maana lilipokwisha kutoka alilisikia, na alimwona Mama Kyando na sufuria yake, na alimwona Ikupa safu ya tano, na palikuwa na muda wa kulirudisha. Hakulirudisha.

Bi. Mshangama akageukia watu. "Tuna nafasi moja," akasema. "Mtafiti mmoja tu, kutoka shule zote za milima hii. Kila likizo, kwa miaka miwili, atakuja kukaa kwetu. Atapewa chumba, atakula mezani pamoja nasi, atajifunza kuhifadhi vitu vya kale. Nafasi hiyo naiacha hapa, kwa aliyetengeneza viazi hivi."

Kila likizo. Mmesikia? Pa kwenda, kila likizo.

Ikupa akasimama. "Shikamoo, mama. Naomba Sekela avue viatu."

"Kwa nini?"

"Avue tu. Na mimi nivue, muone nyayo za nani zina makovu."

Sekela hakuvua. Hakuwa na haja. Kila mtu aliuona uso wake.

"Nimesema uongo," akasema. "Hatukuwa mmoja. Tulikuwa watatu."

Watu wakaguna. Mwalimu Msemwa akashika kichwa. Lakini Bi. Mshangama akavuta kiti, akaketi, akasema, "Basi nataka kuwasikia wote watatu. Kila mtu aseme lake, na asione haya."

Akasema Ikupa: "Mimi sikusoma kitabu, na mwanzo nilicheka. Lakini yeye alikanyaga siku tatu, mimi nikakanyaga tisa. Nisingekanyaga, leo mngekula maharage matupu. Sikuombwa, sikulipwa, sikuandikwa popote. Na mimi nataka kwenda. Likizo ikija, baba hudhani niko kwa mama, mama hudhani niko kwa baba. Nataka mahali ambapo nikichelewa kufika, mtu atauliza mbona Ikupa hajafika."

Akasema Mama Kyando, baada ya kuvutwa mkono mara mbili: "Mimi ni mpishi, mtanicheka. Niliishia darasa la tano. Lakini huyu alipanda kilima, mimi nikamwonyesha bonde. Viazi vilikuwa mbegu zangu, na mvua zikija shamba langu litalala. Sijutii. Ila mgeni amesema mtafiti, hakusema mwanafunzi. Mwanangu Fikiri yuko Dar es Salaam, sijui mtaa, sijui kazi. Mtu hatafutwi kwa siku mbili. Nikipata pa kulala huko, kila likizo, nitamtafuta mtaa kwa mtaa. Na kazi ya mikono naiweza."

Mwishowe akasema Sekela: "Mimi ndiye niliyekiona kitabu, wakati wengine wanacheka. Bila kitabu, mbegu zingepandwa na miguu ingevaa soksi. Nilisoma, nikajaribu, viazi vikaoza, nikajaribu tena, nikaugua, nikaandika. Na nimesema uongo mbele yenu, nao pia uhesabiwe. Nataka kwenda. Sina pengine."

Wakubwa wakaanza kubishana. Mwalimu Msemwa akasema, "Utafiti ni wa aliyeuliza swali. Sekela ndiye aliyeuliza, na uongo wa mtoto mpweke si wizi." Mkuu wa shule akasema, "Mtu aliyetoa mbegu yake ya mwisho ametoa kuliko wote. Wale wawili walitoa nguvu, na nguvu hurudi ukilala." Bi. Mshangama akasema, "Sisi tukichimbua chungu, tunajiuliza nani alikifinyanga. Mikono yake ndiyo tunayoitafuta. Hapa mfinyanzi alitumia miguu." Hoja zikaenda, hoja zikarudi, mpaka dereva wa mgeni akachungulia mlangoni akasema ukungu unafunga njia.

Ndipo Bi. Mshangama akatoa fomu kwenye mkoba. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina. Akaiweka mezani, juu yake akaweka kalamu, akamtazama Sekela.

"Mimi sikuwapo bondeni," alisema. "Mkuu hakuwapo, mwalimu hakuwapo. Wewe unajua kila mmoja alifanya nini. Andika jina. Ukiandika lako, nitalipokea. Ukiandika la mwingine, nitalipokea. Sitauliza."

Sekela akaishika kalamu. Upande mmoja alisimama Ikupa, amekunja mikono, anatazama dirisha. Upande mwingine alisimama Mama Kyando, ameshika sufuria tupu, anajifanya anaikwangua. Hao wawili ndio watu wote aliokuwa nao duniani. Akiandika lake, anawaacha. Akiandika la mmoja, anabaki na mwingine, na huyo mwingine atajua kila siku kwamba hakuandikwa.

Akainama. Akaandika jina moja. Akaikunja fomu mara mbili.

Likizo ya Disemba ilipofika, mabasi yalikuja, masanduku yakapandishwa, nyimbo zikaimbwa. Mmoja wa wale watatu alikuwa ndani ya basi, amekaa dirishani, na mfukoni ana karatasi yenye anwani. Wawili walisimama getini wakampungia mkono mpaka ukungu ukalimeza basi, kisha wakarudi ndani, nao njiani hawakusemezana.

Aliyeondoka ni nani, mimi najua, na simtaji. Maana nikimtaja, mtasema ilikuwa hivyo, basi ilikuwa haki, na mtakwenda kulala.

Mmoja aliona kitabu, akauliza swali, akaandika, akasema uongo, akaukiri. Mmoja alicheka, kisha akakanyaga sakitu siku tisa bila kuombwa. Mmoja alionyesha baridi inapolala, akatoa mbegu yake ya mwisho. Nafasi ilikuwa moja, na wote watatu hawakuwa na pa kwenda.

Haya, wewe uliyeketi karibu na mlango, anza wewe. Je, nani alistahili kupanda basi lile?